Kilima cha Mita Ishirini na Tano

Kazi yake ilikuwa kuchezea mchanga, na alikuwa mtumishi wa serikali. Usicheke. Wamecheka wengi kabla yako, tena wenye nyota mabegani, na wote waliishia kusimama mbele ya meza yake na fimbo mkononi, jasho linawatoka, wakieleza jeshi lao lingevukaje mto ambao yeye alikuwa ameutandaza kwa uzi wa bluu kabla ya chai ya saa nne.

Walimwita Mama Mchanga. Chuo kilikuwa cha makamanda, wale maofisa wanaotoka kuongoza watu mia na kwenda kuongoza watu elfu, na chumba namba tisa ndicho kilikuwa chake. Chumba kirefu, mapazia mazito, viti vya mbao vimepangwa kwa ngazi kama uwanjani, na katikati meza pana kupita vitanda viwili vikubwa vikiunganishwa, yenye kingo za kuzuia mchanga usimwagike. Mchanga wenyewe aliuchekecha mara tatu na kuukanda kwa mafuta kidogo ili usipeperuke. Unga wa mbao uliopakwa rangi ya kijani ulikuwa msitu. Njiti za kiberiti zilikuwa madaraja. Vikosi vilikuwa kete za mbao, nyekundu za adui na za bluu zetu, kila moja na namba yake chini. Ukimletea ramani asubuhi, kesho yake jioni unaikuta nchi imelala mezani, mabonde na yote.

Sasa kuna jambo moja la kazi hii lazima ulijue, maana ndilo lililomponza. Ukiipunguza nchi ikaenea mezani, vilima vinakwisha. Mlima unaokutoa ulimi ukiupanda, mezani unakuwa uvimbe wa kidole. Aliyekaa kiti cha nyuma haoni kitu. Kwa hiyo mafundi wa meza, tangu enzi na enzi, huvipandisha vilima makusudi: mara tatu penye milima, mara tano penye tambarare. Maofisa waliuita mtindo huu kutia chumvi. Na ili mtu asidanganyike, pembeni mwa meza huwekwa kibao kidogo cheupe: UREFU MARA TANO. Kanali Mkufunzi, mkuu wa masomo pale chuoni, alikiongelea kibao hicho kila mwaka siku ya kwanza. "Mkisahau hiki," aliwaambia, "mtawapeleka watu wenu kujificha nyuma ya mlima usiokuwepo." Nao hucheka, huandika, mambo yanaendelea.

Miaka ishirini na mitatu alikaa kona ile ile, juu ya stuli, brashi mapajani, akingoja kuambiwa sogeza hiki, ondoa kile. Sheria ilikuwa fundi wa meza hasemi. Lakini masikio anayo, na mtu huwezi kukaa jikoni miaka yote hiyo usijue kupika. Alijua akiba ni nini na kwa nini kamanda anayeitumia mapema ni mjinga. Alijua kubadilisha ardhi kwa muda, yaani unamwachia adui kilomita kumi ili upate siku mbili za kujipanga. Akirudi nyumbani humsomesha dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, aliyekaa naye nyumba moja tangu mume wa huyu Mama Mchanga aondoke. Hakufa, usimpe pole. Aliondoka tu.

"Watu wanadhani usalama wa taifa ni bunduki," alimwambia dada yake siku moja, wote wawili wamekaa sebuleni kati ya marundo ya kaptula za bluu. "Bunduki ni mlango wa mwisho. Usalama ni chakula ghalani, maji, barabara, watu kuaminiana wao kwa wao, na jirani asikuogope sana wala asikudharau."

"Na umeme?" dada akauliza, sindano ziko mdomoni. "Maana wiki hii umekatika mara nne. Waambie hao makanali wako tumeshavamiwa."

"Wewe nawe! Sikiliza basi. Kanali anasema nguvu haitoshi kila mahali. Haijawahi kutosha, hata kwa mataifa makubwa. Kazi ya kamanda ni kuamua upungufu auweke wapi."

"Hilo mbona nalijua siku nyingi?" Dada akanyanyua kaptula, akaigeuza ndani nje. "Kitambaa hakitoshi, unapunja pindo ili mfuko ukae vizuri. Nani anatazama pindo?"

Wakacheka. Walikuwa wanawake wa kucheka, wale wawili, kabla.

Alikuwa na watoto watatu. Wakubwa walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali, na maisha yao yalikuwa yao. Wa tatu, kitindamimba, nyumbani wakimwita Mwisho, ndiye aliyeingia jeshini. Hakuna aliyemsukuma. Alikwenda mwenyewe akajiandikisha, akarudi na kichwa kipara na meno yote nje. Mama yake alimpikia, akamnyooshea shati, kisha akaingia bafuni akafungulia maji na kulia, ili asimvunje moyo. Baada ya mafunzo alipangiwa kombania moja mpakani, watu mia na ishirini, mahali ambapo hakuruhusiwa kupataja kwenye simu. Hakupataja. Lakini kijana ana mdomo, na mama ana hesabu zake, akakusanya vipande: kuna mto, kuna daraja la chuma ambalo ukingo wake wa kushoto umeng'oka, kuna nyumba ya pampu isiyo na paa, na ng'ambo ya mto kuna kilima kimoja tu ambacho ukipanda juu unapata mtandao. Kila Jumapili mchana wanajeshi hupanga foleni kileleni kupiga simu nyumbani. "Tunakiita Kibanda cha Simu, mama," Mwisho alimwambia. "Kukipanda ni dakika tatu. Nne ukiwa umeshiba."

Mwaka ule mambo na nchi jirani yaliharibika. Yalianza na maneno ya redioni, yakaja malori kuzuiwa, kisha balozi akarudishwa kwao. Chuoni wanafunzi walirudishwa vikosini kabla ya muda. Mama Mchanga akadhani atapewa likizo. Badala yake Kapteni wa ramani, kijana mpole aliyependa kumtania, alikuja chumba namba tisa asubuhi ya Jumatatu bila utani wowote. Alikuwa na ramani moja na karatasi moja. Ramani ya kutengeneza, karatasi ya kusaini.

"Hii si ya darasani, mama. Saini kwanza ndipo nikufungulie."

Karatasi ilisema hatatoa siri, hilo alilizoea. Lakini chini ilikuwa na swali: je, una ndugu wa damu katika eneo linalohusika? Mwenye ndugu haingii chumbani. Ni utaratibu mzuri, sitaki kuubeza. Mtu mwenye mwanawe mezani hawezi kutazama meza kama wengine. Alisaini HAPANA kwa moyo mweupe, maana alikuwa hajaiona ramani.

Kapteni akaikunjua. Mto. Daraja. Karibu na daraja alama ndogo ya mraba, na maandishi: pampu, gofu. Ng'ambo, kilima kimoja tu.

Akakaa chini ghafla. Kapteni akamuuliza kama ni presha, akasema ndiyo, ni presha. Angeweza kusema pale pale. Nafasi ilikuwepo, kalamu bado iko mezani. Lakini aliwaza haraka, kama anavyowaza mama: nikisema, watanitoa, na nikitoka sitajua chochote hadi watu waje kubisha hodi nyumbani. Nikikaa, nitakuwa naye chumba kimoja. Ndivyo alivyoliona, kwamba atakuwa naye chumba kimoja. Akafunga mdomo, akaenda kuchekecha mchanga.

Siku tatu alijenga. Hakuwahi kujenga vizuri vile. Ukingo wa kushoto wa daraja aliuacha bila njiti. Pampu hakuiwekea paa. Kilima alikipima kwenye ramani: mita ishirini na tano kutoka ukingo wa mto. Hicho si kilima, ni kichuguu kilichoshiba. Akakitia chumvi mara tano kama desturi, kikasimama mezani urefu wa kiganja, kizuri, cha kijani, kinatawala bonde zima. Juu yake akaweka kete moja ya bluu. Akaweka kibao cheupe pembeni.

Alhamisi saa tatu asubuhi Jenerali akaja kutoka makao makuu. Alikuwa mtu wa heshima zake, sauti ya chini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Yeye hakupitia chuo hiki, alisomea nje. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, hata Mama Mchanga kwenye stuli yake, "Shikamoo mama," akavua kofia na kuiweka pembeni mwa meza. Aliiweka juu ya kibao.

Hakuna aliyeisogeza. Nani asogeze kofia ya Jenerali?

Hali ilielezwa kwa ufupi. Adui ana brigedi tatu, sisi tuna moja upande ule wa mto, watu elfu tatu, wametawanyika mno. Wakipigwa ng'ambo kule, hakuna kitu kati ya mto na mji mkuu. Wakivuka kurudi upande huu na kujipanga nyuma ya mto, nchi inashikika. Kwa hiyo brigedi irudi. Ila lazima mtu abaki ng'ambo amshike adui mguu wakati brigedi inavuka na kuchimba mahandaki.

Jenerali akainama, akatazama meza. Akatazama kilima.

"Mahali penyewe ni hapa," akasema. "Tazameni hiki kilima. Kombania moja juu yake inaiona barabara yote. Wamshike adui siku mbili. Siku ya tatu watelemke, wavuke daraja, ndipo tulivunje."

Ramani ilikuwa ukutani, mita na kila kitu. Lakini mtu mkubwa akishaona kitu kwa macho yake, karatasi ya nini? Mama Mchanga akamtazama Kanali Mkufunzi, mtu aliyekihubiri kibao kile kila mwaka. Kanali alijua. Hakika alijua. Alikuwa anatazama kucha zake. Kapteni alijua, na alikuwa anapanga penseli zilizokuwa zimeshapangwa. Chumba kizima cha wanaume wasomi kiliufyata, kwa sababu Jenerali ameshasema, na Jenerali hajalala.

Yeye akapiga hesabu zake. Siku mbili juu ya kichuguu! Mizinga itawafyeka asubuhi moja. Lakini Jenerali akijua kwamba kilima ni kifupi, atafanya kile kinachofundishwa chumba hiki hiki: huweki watu mahali pasiposhikika. Atawatoa. Atawarudisha upande huu wa mto pamoja na wengine. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu.

Akasimama kutoka kwenye stuli. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu.

"Samahani afande. Hicho kilima ni mita ishirini na tano. Hapa kimepandishwa mara tano. Kibao kiko chini ya kofia yako."

Kanali alifumba macho. Jenerali akainua kofia yake, akasoma kibao, akageuka kutazama ramani ukutani. Kisha, Mungu amlipe anavyostahili, hakukasirika.

"Ahsante sana, mama," akasema. "Hapa watu wote hawa, na wewe ndiye umeiokoa brigedi." Akawatazama maofisa wake mmoja mmoja hadi wakainamisha vichwa. Kisha akarudi mezani. "Haya. Mita ishirini na tano. Watashika kwa muda gani?"

"Saa sita, afande," Kanali akasema. "Labda saba."

"Brigedi inahitaji saa ngapi kuvuka na kujichimbia?"

"Kuvuka, saa nne. Kuchimba, mbili."

"Sita." Jenerali akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi inatosha. Kombania ibaki. Adui akiwaona pale atasimama, atapanga mizinga yake, ndizo saa zetu. Lakini daraja haliwezi kuwasubiri tena. Kilima kikianguka mapema, adui analikuta daraja zima na anavuka nyuma yetu. Wahandisi watege baruti wiki hii. Brigedi ikishavuka tu, livunjwe."

"Na kombania, afande?" Kapteni aliuliza. Kijana yule alikuwa na utu.

"Nimesema ibaki."

"Wataambiwa kuhusu daraja?"

"Ukimwambia mtu njia ya nyuma yake inafungwa, atapigana huku anatazama nyuma. Wasiambiwe." Jenerali akasugua macho. "Sipendi, Kapteni. Hakuna mwenye kupenda hapa. Lakini upungufu lazima uwekwe mahali, na mahali penyewe ni hapo."

Mama Mchanga bado alikuwa amesimama. Kapteni akamgusa bega, akamwonyesha stuli, akakaa. Alielewa kila neno, hilo ndilo baya. Mwanamke mwingine angetoka pale hajui kilichotokea. Yeye alijua hatua kwa hatua, na hakuona kosa popote katika hesabu. Nusu saa kabla, mwanawe alikuwa na daraja. Angepigwa, ndiyo, lakini daraja lingekuwepo nyuma yake, na miguu anayo. Sasa daraja halipo. Alikuwa amelitoa yeye kwa mdomo wake.

Hakulia. Watu wakisimuliwa haya hungoja kilio, lakini hakikuja. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, upo na si wako. Alifagia mchanga uliomwagika sakafuni, akazima taa, akatembea hadi nyumbani kwa miguu, akapita duka anakonunua mkate akasahau mkate. Dada yake akamuuliza mbona uso mkavu hivyo, akasema kichwa. Dada akampa vidonge viwili, akavinywa. Ijumaa alikwenda kazini, akarudi. Jumamosi akafua nguo, pamoja na zile zilizokuwa safi.

Jumapili mchana simu ikaita.

"Mama! Shikamoo!" Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Alikuwa juu ya kilima.

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama sikiliza, nina dakika chache, foleni ndefu leo. Wewe si unakaa na wakubwa huko? Hebu nitulize roho. Jana wamekuja wahandisi, wameingia chini ya pale... pale pa kuvukia, unapajua. Wanafunga vitu. Tumewauliza, wanasema ni kwa ajili ya adui akitaka kuvuka, sisi tutakuwa tumeshapita. Jamaa hapa wanabishana. Wewe unasemaje? Ni kweli?"

Alikuwa amesimama katikati ya sebule. Dada yake alikuwa kwenye cherehani, mguu umesimama, anatabasamu, anangoja zamu yake ya kusalimia. Neno moja lilitosha. Toka. Ondoka hapo leo. Na kisha? Wanaotoroka kikosini wakati wa hatari inajulikana wanavyofanywa. Na akikimbia yeye watakimbia mia na ishirini, na kilima kitakuwa kitupu, na watu elfu tatu watakutwa mtoni nusu wamevuka, na hao nao wamezaliwa na mama zao. Aliyajua hayo yote kwa mpangilio, kama somo. Mimi simtetei. Wala simhukumu, maana sijui ningesema nini, na wewe pia hujui, usijidanganye.

"Ni kweli," akasema. "Ni kwa ajili yenu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika, mwanangu. Nilikuwepo."

Akamsikia akiondoa simu sikioni na kupaza sauti kwa wenzake: "Jamani! Mama yangu yuko chuoni kwa makamanda, anasema ni kwa ajili yetu! Nilikuwepo, anasema!" Kukawa na kelele, mtu akapiga mluzi, mwingine akasema msalimie mama. Mwisho akarudi kwenye simu anacheka. "Umetutoa presha wewe. Haya, mpe mama mkubwa nimsalimie, halafu nimpishe mwenzangu."

Akampa dada yake simu. Dada akaanza utani wake, eti amemshonea suti ya harusi, kilichobaki ni mke tu, ajitahidi huko huko mpakani hata kwa adui si mbaya. Mama Mchanga akaenda jikoni, akafungua bomba na kulifunga. Alitaka kusikia kitu ndani yake, hata maumivu. Hakuna.

Jumatano brigedi ilianza kukusanyika karibu na mto. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, adui akaja.

Kufikia saa moja meza ya chumba namba tisa ilikuwa imezungukwa. Simu mbili zilikuwa ukutani na Kapteni alikuwa nazo zote mbili, moja kila sikio. Akisikia jambo anasema, na Mama Mchanga anasogeza. Brigedi ya kwanza ya adui, mbele kilomita mbili. Akasogeza. Batalioni yetu ya tatu imevuka. Akasogeza. Hakukosea kete hata moja, na maofisa walimsifu baadaye kwa hilo. Saa nne na robo batalioni ya mwisho ilivuka, na saa nne na dakika ishirini Kapteni akasema, "Daraja limeondoka." Akang'oa zile njiti za kiberiti moja moja, akaziweka mfukoni mwa aproni.

Kete moja ya bluu ilibaki ng'ambo, juu ya kilima. Nyekundu zikaizunguka pande tatu, upande wa nne ni uzi wa bluu.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Maofisa wakaanza kutazamana. Saa nane Jenerali aliuliza, "Bado wapo?" Kapteni akasema wapo. Saa tisa akauliza tena. Wapo. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, hao ni watu gani hao? Mama Mchanga aliitazama kete ile bila kupepesa. Alikuwa anamwambia kitu, lakini hata yeye hakujua ni nini. Labda alikuwa anamwuliza kama amekula.

Saa tisa na dakika arobaini Kapteni alisikiliza kwa muda mrefu simu ya mkono wa kushoto. Kisha akaishusha.

"Mama," akasema. "Toa kombania ya ng'ambo."

Kete ikiondolewa, haitupwi. Inatolewa kwa vidole viwili ili isibomoe ardhi, na shimo dogo inaloliacha linafunikwa kwa brashi, kwa sababu meza inaendelea kutumika. Akainama juu ya mto. Mchanga ulikuwa umeishika kete kidogo, akaitikisa, ikatoka. Kilima kikabaki na tundu la mraba kileleni.

Jenerali alishusha pumzi ndefu. Brigedi ilikuwa salama, imejichimbia, mto uko mbele yake. Nchi ilikuwa na kesho. Akazunguka meza hadi alipo yeye, akamshika mkono ule ule wenye kete.

"Wameshika saa tisa nzima, mama. Niliomba sita, wakatupa tisa. Na kama si wewe kusema siku ile, tungelisubirisha daraja, na leo tungekuwa tunazungumza mengine. Nitahakikisha jambo hili linaandikwa."

"Kitindamimba wangu alikuwa juu ya hicho kilima, afande," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja saa.

Jenerali hakuachia mkono wake, wala hakujua aufanye nini. Kanali Mkufunzi akasema, ulipaswa kutuambia, mama. Mama Mchanga akautoa mkono wake taratibu, akachukua brashi, akafunika lile tundu kwa mipigo mitatu, kilima kikawa kizima tena.

Simu ya mkono wa kulia ikaita. Kapteni akapokea, akasikiliza taarifa ya adui kusogea tena, akamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Sema, mwanangu," Mama Mchanga akamwambia. "Nisogeze ipi?"